Jinsi ya kupima ukweli wa uchambuzi wa habari baada ya shambulio la kigaidi: mwongozo kamili

Shambulio likitokea, taarifa za uhakika huja polepole, lakini uchambuzi huja mbio. Waokoaji bado wanatoa majeruhi, na tayari studioni kuna mgeni anayeeleza nani amefanya, kwa nini amefanya, na serikali ijibu vipi. Pengo hilo, kati ya kinachojulikana na kinachosemwa, ndilo la kupimwa. Mchambuzi kukosea saa za mwanzo si ajabu. Ubaya ni kukisia huku akijifanya anajua, kwa sababu watu huchukiwa, hukamatwa na hata kupigwa kwa makisio ya namna hiyo, na vita huungwa mkono kwa hayo hayo.

Shika makala moja au kipindi kimoja tu kwa wakati, utenge kama saa mbili. Ukijaribu kupima chombo kizima cha habari kwa siku moja utaishia kuthibitisha ulichokuwa unakiamini tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Hifadhi nakala kabla ya kusoma

Makala za siku ya shambulio hubadilishwa mara kwa mara, na si kila mhariri huacha alama kwamba amebadilisha. Ukirudi baada ya wiki unaweza kukuta aya uliyoitilia shaka haipo. Kwa hiyo nakili kiungo na ukihifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za wavuti. Kiungo utakachopewa kitakuwa na tarakimu 14 zilizofuatana: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, zote kwa saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Geuza saa hizo ziwe za mahali shambulio lilipotokea. Wengi huteleza hapa: hulinganisha saa ya makala na saa ya tukio bila kugundua kuwa moja ni ya UTC na nyingine ni ya huko, kisha humtuhumu mwandishi kwamba alijua mambo kabla hayajatokea.

Kwa redio na televisheni, andika jina la kipindi, tarehe, dakika ya kauli na maneno yenyewe, neno kwa neno. Picha ya skrini peke yake haitoshi. Huhaririwa kwa urahisi na aghalabu haina saa.

Hatua ya 2: Chora ratiba yenye safu mbili

Safu ya kushoto andika yaliyotokea na saa yalipojulikana hadharani. Safu ya kulia andika kauli za mchambuzi na saa alipozitoa. Kauli yoyote ya kulia isiyo na kitu cha kuisimamia upande wa kushoto, izungushie duara.

Tazama Norway, tarehe 22 Julai 2011. Bomu lililipuka Oslo saa 9:25 alasiri. Jioni hiyo hiyo mtu alianza kuwapiga risasi vijana kwenye kisiwa cha Utøya, na polisi walimkamata kabla jua halijazama. Waliouawa ni 77: 8 Oslo na 69 kisiwani. Usiku ule ilishajulikana kuwa aliyekamatwa ni raia wa Norway. Hata hivyo, katikati ya saa hizo wataalamu kadhaa walikuwa wameshaeleza kwa nini al-Qaeda iliichagua Norway, na toleo la mapema la gazeti la The Sun la Uingereza, la tarehe 23, liliita mauaji yale ya al-Qaeda kwenye ukurasa wa kwanza. Muuaji, Anders Behring Breivik, alikuwa mtu wa siasa kali za kulia aliyeuchukia Uislamu.

Ukiichora ratiba hiyo utaona kuwa makosa si ya uzito mmoja. Aliyesema saa 11 jioni kwamba huenda ni al-Qaeda alikisia, pengine kwa haraka. Aliyesema hivyo hivyo usiku wa manane, baada ya polisi kutangaza uraia wa mtuhumiwa, alikuwa na wajibu wa kueleza kwa nini bado anashikilia. Bila saa, hao wawili utawahukumu sawa, na utakuwa umemwonea mmoja.

Hatua ya 3: Pitia kila sentensi kwa kalamu

Weka herufi moja pembeni mwa kila sentensi. T ni tukio lililothibitishwa na mtu au chombo kilichotajwa. D ni dai la mtu. M ni maoni ya mwandishi. U ni utabiri. Sentensi ikiwa na viwili, iwekee vyote. Chukua aya kama hii, tuliyoitunga kwa mtindo unaoonekana kila mara:

"Shambulio la jana lina alama zote za kikundi kilichoshambulia mwaka jana. Duru za usalama zinaamini wahusika waliingia kupitia mpaka wa kaskazini. Watu wasiopungua 40 wameuawa, na wadadisi wa mambo wanasema huu ni mwanzo tu wa wimbi jipya."

Sentensi ya kwanza ni M, ingawa imevishwa mavazi ya ushahidi. Alama zipi? Ni ngapi? Je, vikundi vingine havina alama hizo hizo? Ya pili ni D isiyo na mwenyewe: duru ni mtu mmoja au kumi, na wameona nini hata waamini? Ya tatu ina idadi isiyo na aliyeitoa, halafu U ya "wadadisi" wasiotajwa. Sentensi tatu, na hakuna T hata moja. Msomaji wa kawaida, lakini, ataondoka akiwa na hakika ya kikundi, njia na wimbi.

Sasa iandike upya jinsi ambavyo ingekuwa kama mwandishi angekuwa mkweli:

"Hadi saa nne usiku hakuna kikundi kilichodai kuhusika. Msemaji wa polisi amesema miili 40 imepokelewa hospitali. Afisa mmoja wa upelelezi, aliyeomba asitajwe kwa kuwa haruhusiwi kuzungumza na waandishi, anadhani wahusika walipitia mpaka wa kaskazini, ila hakutoa ushahidi. Mabomu mawili kufuatana kunafanana na shambulio la mwaka jana, lakini mbinu hiyo imetumiwa na vikundi vingine pia."

Zoezi hili la kuandika upya lina faida kuliko hatua nyingine zote. Kama aya inaandikika upya kwa uaminifu na hoja ikabaki imesimama, mwandishi alikuwa mvivu wa maneno tu. Kama ukiondoa kificho hoja nzima inaanguka, basi kificho ndicho kilichokuwa kinaibeba.

Jihadhari hasa na vitenzi visivyo na mtendaji: inaaminika, inadaiwa, imeelezwa, inasemekana, yahofiwa. Havikatazwi, lakini kila kimoja kinataka swali lile lile: na nani? Kichwa cha habari nacho kipime peke yake, kwa sababu wengi husoma hicho tu. Kichwa kikitamka kama T jambo ambalo ndani ni D au M, hilo peke yake linatosha kuandikia malalamiko.

Hatua ya 4: Fuata chanzo mpaka kinapoishia

Magazeti 20 yakisema jambo moja si mashahidi 20. Mara nyingi ni taarifa moja ya shirika la habari kama Reuters, AP au AFP, nayo imetoka kwa afisa mmoja. Nenda nyuma kiungo kwa kiungo hadi ufike kwa mtu aliyeona, aliyehesabu au aliyepekua. Andika vyanzo huru ni vingapi. Jibu mara nyingi ni kimoja.

Mfano wa kujifunzia ni Madrid. Tarehe 11 Machi 2004, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, mabomu 10 yalilipuka kwenye treni nne na kuua zaidi ya watu 190. Serikali ya José María Aznar ilisema ni ETA, kikundi cha Wabaski waliopigania kujitenga. Aznar mwenyewe aliwapigia simu wahariri wa magazeti makubwa kuwahakikishia hivyo. Siku hiyo hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio 1530 likiitaja ETA kwa jina. Mtu aliyetazama jioni ile aliona magazeti, mabalozi na Umoja wa Mataifa wote wakikubaliana, akadhani ushahidi umejaa tele. Ukifuata nyuzi hizo zote zinaishia mlango mmoja: serikali ya Uhispania.

Na dalili za kinyume zilikuwepo hadharani. ETA ilikuwa na desturi ya kupiga simu ya onyo kabla ya mabomu yake mengi, na safari hii hapakuwa na onyo. Siku ile polisi walipata gari dogo Alcalá de Henares, mji ambao treni zile zilipita, likiwa na vilipuzi vya kuwashia mabomu na kaseti ya Kurani, na waziri wa mambo ya ndani akalitangaza hilo usiku. Mchambuzi mkweli angeweza kuendelea kuishuku ETA, lakini angelazimika kuyataja hayo mawili. Aliyeyaruka alichagua upande. Hukumu ya mahakama ya tarehe 31 Oktoba 2007 haikuona mkono wa ETA. Waliohusika walikuwa watu wa itikadi kali za jihadi.

Uliza pia nani ananufaika, lakini lijue swali hilo linaishia wapi. Maslahi hukupa sababu ya kuchunguza zaidi, hayathibitishi uongo. Mpeketoni, Kenya, Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa. Al-Shabaab walidai kuhusika, Rais Uhuru Kenyatta akasema si wao bali ni mtandao wa kisiasa wa hapo hapo. Kila upande ulikuwa na la kupata: kikundi kilitaka kuonekana kina nguvu, serikali ilikuwa inalaumiwa kwa usalama kulegea. Mchambuzi aliyechukua kauli ya mmoja na kuijenga juu yake bila kutaja maslahi ya huyo alimnyima msomaji nusu ya habari.

Hatua ya 5: Yapime madai ya kuhusika

Kikundi kudai kuhusika si ushahidi kwamba kilihusika. Juni 2017 mtu mwenye bunduki alichoma moto kasino ya Resorts World Manila, Ufilipino. Watu 37 walikufa, wengi kwa moshi. Dola la Kiislamu (IS) lilidai ni lake. Polisi walikuta ni mcheza kamari aliyezama kwenye madeni. Kikundi hicho hicho kilidai mauaji ya kwa risasi ya Las Vegas, Marekani, ya Oktoba 2017, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, haikupata uhusiano wowote. Brigedi za Abu Hafs al-Masri, kikundi kilichojitangaza kuwa cha al-Qaeda na kilichodai mabomu ya Madrid, kilikuwa kimeshadai pia kuzima umeme Marekani na Kanada Agosti 2003, tukio lililotokana na hitilafu ya mtandao wa umeme.

Uliza mambo matatu. Je, dai lina kitu ambacho ni mhusika tu angekuwa nacho, kama picha ya washambuliaji kabla ya tukio? Je, maelezo yake yanalingana na yaliyothibitishwa, au yanarudia habari zilizokwisha kutangazwa pamoja na makosa yake? Je, mdai ana historia ya kudai asiyoyafanya? Baada ya mashambulio ya Pasaka ya Sri Lanka, Aprili 2019, IS ilitoa video ya washambuliaji wakila kiapo, na kiongozi wao alitambulika kwa sura. Hilo ni dai la uzito tofauti kabisa na la Manila.

Ukimya nao hausemi mengi. Lori lililolipuka Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017 liliua watu 587 kwa hesabu ya kamati iliyoundwa kuchunguza, na hakuna kikundi kilichodai, ingawa serikali ya Somalia ililaumu al-Shabaab. Vikundi huogopa hasira ya watu ambao vinataka uungwaji mkono wao.

Hatua ya 6: Hesabu

Idadi kubadilika si dalili ya hila. Sri Lanka ilitangaza vifo 359, kisha tarehe 25 Aprili ikashusha hadi takriban 253, kwa maelezo kwamba miili iliyoharibika sana ilihesabiwa zaidi ya mara moja. Idadi ya waliouawa misikitini Christchurch, New Zealand, Machi 2019, ilianza na 49 ikafika 51, mmoja wao akiwa majeruhi aliyefariki wiki kadhaa baadaye. Unachotafuta ni haya: idadi imetolewa na nani, saa ngapi, na imejumuisha washambuliaji au la. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, huandikwa vifo 67, bila washambuliaji. Ukilinganisha na makala iliyowajumuisha utaona "utata" usiokuwepo.

Idadi ya washambuliaji ndiyo hukuzwa zaidi, kwa kuwa watu wenye hofu huona mtu mmoja mara mbili na kwa kuwa kikosi kikubwa huhalalisha uokoaji kuchelewa. Westgate serikali ilisema 10 hadi 15. Kamera za usalama zilionyesha wanne.

Idadi ikikataliwa kutolewa, sema hivyo. Baada ya kambi ya askari wa Kenya ya El Adde, Somalia, kuvamiwa Januari 2016, jeshi la Kenya halikutangaza idadi ya askari wake waliouawa, wakati al-Shabaab walisema zaidi ya 100. Uchambuzi uliochukua idadi ya upande mmoja bila kueleza ukimya wa upande wa pili haukuwa mkweli, hata kama ulibahatisha.

Hatua ya 7: Mchunguze mchambuzi

Cheo kinachoandikwa chini ya sura yake kwenye televisheni si wasifu. Mwaka 2002 ilibainika kwamba mshauri wa kijeshi wa Fox News, kituo cha televisheni cha Marekani, aliyejitambulisha kama luteni kanali mstaafu alikuwa amekaa jeshini siku 44 tu. Mwaka 2008 New York Times ilifichua kwamba maafisa wastaafu waliochambua vita kwenye televisheni za Marekani walikuwa wakiandaliwa hoja na Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani, na wengi wao walikuwa na uhusiano na kampuni zinazouza silaha na huduma kwa jeshi hilo hilo. Watazamaji hawakuambiwa.

Tafuta vitu vinne: ameandika nini kuhusu nchi hiyo kabla ya shambulio, anaifahamu lugha ya huko, nani anamlipa (taasisi, kampuni ya ulinzi, chama), na utabiri wake wa nyuma uliishia wapi. Kwa hilo la mwisho, weka jina lake ndani ya alama za kunukuu pamoja na jina la shambulio la zamani, uweke kikomo cha tarehe kwenye utafutaji, kisha usome alichosema siku ile. Mashambulio matano yanatosha. Kama kila mara mkosaji ni yule yule na dawa ni ile ile, huyo hachambui tukio. Anasubiri tukio.

Hatua ya 8: Geuza jina

Soma makala tena ukibadilisha dini, kabila au uraia wa mshambuliaji. Je, neno "gaidi" lingebaki? Je, familia yake ingehojiwa kama washukiwa au kama watu wenye msiba? Je, "ugonjwa wa akili" ungetajwa mapema zaidi? Utafiti wa Erin Kearns na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu mashambulio ya Marekani ya 2006 hadi 2015, ulikuta kwamba yale yaliyofanywa na Waislamu yaliandikwa kwa wastani wa asilimia 357 zaidi, hata baada ya kuzingatia idadi ya waliouawa. Geuza upande wa pili pia. Mchambuzi anayekwepa kutaja itikadi ambayo mshambuliaji ameitangaza mwenyewe anapotosha vile vile.

Picha zipitishe Google Lens na TinEye, zana zinazotafuta picha ile ile mtandaoni. Ikiwa picha ilikuwepo kabla ya shambulio, si ya tukio hilo, umemaliza.

Hatua ya 9: Rudi, kisha amua

Soma tena baada ya siku 7, baada ya siku 30, na ripoti rasmi ikitoka. Ripoti ya tume ya Norway ilitoka Agosti 2012, ile ya New Zealand Desemba 2020. Ndipo uweke kauli ulizozungushia duara katika mafungu matatu. Kosa: alikisia, akasema anakisia, akasahihisha. Uzembe: alisema kwa hakika asiyokuwa nayo, au alisahihisha kimyakimya. Udanganyifu: alikuwa na taarifa ya kinyume akaificha. Hilo la tatu linahitaji uthibitisho kwamba alijua, na kwa kawaida huna. Usiliandike kwa hisia. Mfano wa kusahihisha wazi, ingawa kulichelewa, ni New York Times, Desemba 2020, ilipokiri kwamba mfululizo wake wa sauti wa Caliphate, wa 2018, ulitegemea mno simulizi la mtu mmoja lisilothibitika.

Shaka nayo ina mipaka. Uhispania, watu walioona serikali imepotosha walikuwa na haki, lakini wengine waliendelea kwa miaka kudai njama kubwa zaidi, kinyume na ushahidi uliopitiwa mahakamani. Baada ya mabomu ya mbio za marathon za Boston, Marekani, Aprili 2013, watu mitandaoni walijipa upelelezi wakamtuhumu mwanafunzi asiye na hatia, na gazeti la New York Post likaweka ukurasa wa mbele picha ya vijana wawili ambao hawakuhusika. Kwa hiyo pima kauli za mchambuzi, lakini usitafute mshambuliaji wala kumtaja mtu kwa jina. Na kipinge kisichothibitika hata kama kinakufurahisha.

Ukikuta uzembe, mwandikie mhariri ndani ya siku 7, kwa maneno yasiyozidi 200. Weka kiungo cha nakala uliyohifadhi, nukuu sentensi moja tu, taja saa ilipochapishwa, taja ushahidi uliokuwa hadharani saa hiyo, na uandike sentensi unayotaka iwekwe badala yake. Barua yenye malalamiko kumi hujibiwa lile jepesi kuliko yote. Usimshutumu kwa nia yake, kwa kuwa hapo atajibu kuhusu nia na sentensi itabaki ilivyo. Usipojibiwa baada ya siku 14, peleka barua ile ile, pamoja na tarehe uliyoituma mwanzo, kwa baraza la habari la nchi ambako chombo kimesajiliwa.